Shilingi Elfu Tano kwa Kila Anayejua Kusoma

Mwaka 2013 walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu katika baadhi ya shule za msingi za Tanzania walipewa ahadi ya aina ambayo hawakuizoea. Mwisho wa mwaka watakuja wapimaji kutoka nje ya shule. Watamwita mtoto mmoja mmoja na kumpima Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Kwa kila mtoto atakayefaulu somo, mwalimu wa somo hilo atalipwa shilingi 5,000, na mwalimu mkuu 1,000. Basi. Namna ya kumfikisha mtoto hapo aliachiwa mwalimu mwenyewe.

Ahadi ilitolewa na Twaweza, asasi iliyoanzishwa na Rakesh Rajani, na mradi ukaitwa KiuFunza. Watafiti walioutathmini, wakiwamo Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan, Mauricio Romero, Youdi Schipper na Constantine Manda, waliupanga kwa namna ambayo wenye miradi wengi huikwepa: uweze kushindwa hadharani. Shule 350 katika wilaya kumi ziligawanywa kwa bahati nasibu. Sabini zilipewa fedha za uendeshaji, shilingi 10,000 kwa kila mtoto, sabini zikapewa ile ahadi ya walimu, sabini zikapewa vyote viwili, na 140 hazikupewa kitu ili ziwe za kulinganishia. Hizi 140 ndizo huwa hazina mtetezi kwenye vikao vyetu. Diwani gani atakubali shule ya kata yake iwe ya kulinganishia?

Fedha za shule na fedha za mwalimu zilitenganishwa kwa sababu. Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, iliahidi kila shule ruzuku yenye thamani ya dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Watoto wakafurika. Ruzuku hiyo, ambayo walimu huiita kapitesheni, ikawa inapitia halmashauri, na kwa miaka mingi kilichofika shuleni kilikuwa pungufu ya kilichoahidiwa, tena kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu aliyetaka chaki aliita kikao cha wazazi. Kwa hiyo wapo waliosema, na wana haki ya kusema, kwamba shule zetu zinafelisha kwa sababu hazina kitu. Wengine wakasema tatizo ni mwalimu kutoingia darasani. Hawa nao walikuwa na ushahidi: utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2010, uliofanywa kwa kuzitembelea shule bila taarifa, ulikuta takribani mwalimu mmoja kati ya wanne hayupo shuleni, na ukijumlisha waliokuwapo shuleni lakini nje ya darasa, zaidi ya nusu hawakuwa wakifundisha.

Pande zote mbili zilizungumza kana kwamba kuna mtu mahali fulani anayeliona darasa lote. Hayupo. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua kwamba yule mvulana wa dawati la nyuma hasomi, amekariri ukurasa mzima kwa kumsikiliza dada yake. Anajua nani haji siku ya gulio. Anajua kwamba vitabu vipya viko kwenye kabati la mwalimu mkuu, vimefungiwa, kwa sababu kitabu kikipotea kuna maelezo ya kuandika, na mtoto asipojua kusoma hakuna maelezo ya kuandika. Anajua pia ni siku ngapi yeye mwenyewe alikaa chini ya mwembe akisahihisha madaftari ya wiki iliyopita huku darasa likipiga kelele. Mkaguzi akija ataonyeshwa azimio la kazi na maandalio ya masomo, yote kwa wino wa bluu, yote yana tarehe. Atapiga muhuri na kuondoka.

Uchumi una tawi zima lililojengwa juu ya hali hii: anayetoa fedha hajui, anayejua hana sababu ya kusema. Leonid Hurwicz, mchumi mzaliwa wa Moscow aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwa miongo kadhaa, ndiye aliyelipa tawi hilo swali lake la msingi. Kabla yake wachumi walibishana kama mpango wa serikali ni bora kuliko soko. Yeye akauliza jambo la chini zaidi: yule mwenye taarifa ananufaika nini akiitumia kama unavyotaka wewe? Kama hanufaiki, mpango wako ni barua tu. Alipewa Nobel ya Uchumi mwaka 2007 pamoja na Eric Maskin na Roger Myerson, akiwa na umri wa miaka 90.

Ahadi ya shilingi 5,000 ni jibu moja kwa swali hilo. Haimwombi mwalimu aseme ukweli kuhusu darasa lake wala haimpeleki mkaguzi. Inamwambia: tumia unachokijua, sisi tutatazama mwisho.

Jibu la namna hii lina hatari inayojulikana. Mwaka 1991 wachumi Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha kwamba mfanyakazi mwenye kazi nyingi, ukimlipa kwa ile inayopimika, ataziacha zisizopimika. Walimu wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuliona hilo miaka mia moja na ushee kabla. Kuanzia mwaka 1862, chini ya mwanasiasa Robert Lowe, ruzuku ya shule zao ilitegemea mahudhurio na matokeo ya watoto katika kusoma, kuandika na hesabu. Matthew Arnold, mshairi ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ukaguzi wa shule, aliripoti watoto waliokariri kitabu cha mtihani bila kuweza kusoma kitabu kingine. Mpango ule ulidumu hadi miaka ya 1890 ndipo ukafutwa kabisa.

Karibu na kwetu, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika moja liliahidi zawadi kwa walimu wa shule ambazo matokeo yake yangekuwa bora au yangepanda zaidi. Wachumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walifuatilia. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya kuandaa watoto kwa mtihani. Alama zikapanda kwenye mitihani iliyokuwa na zawadi, na mradi ulipoisha faida ile ikayeyuka.

Kwa hiyo KiuFunza ilianza ikiwa na mashaka ya haki juu yake. Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yaliwaaibisha waliosema vitabu na waliosema motisha kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu hayakushangiliwa sana.

Shule zilizopewa fedha tu zilinunua vitabu na vifaa. Watoto hawakujifunza zaidi ya wale wa shule ambazo hazikupewa kitu. Katika maelezo yaliyotolewa, moja linanigusa kila ninapolifikiria: wazazi walipoona shule imepata, walipunguza ya kwao. Si kosa lao. Mzazi mwenye mfuko mdogo akisikia shule ina hela ya vitabu atalipa deni la dukani. Ila mpangaji aliyeandika kwamba shilingi 10,000 kwa mtoto zitaongeza shilingi 10,000 kwa mtoto alikuwa amesahau kwamba nyumbani nako kuna watu wanaopiga hesabu.

Shule zilizopewa ahadi ya walimu tu zilitoa picha ya nusunusu: dalili za kupanda kwenye mtihani wenye malipo, lakini si za uhakika kwenye mtihani wa pembeni usio na malipo. Zilizopewa vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, kwenye mitihani yote miwili, tena kwa zaidi ya jumla ya fedha peke yake na ahadi peke yake. Mwalimu mwenye sababu ya kulifungua kabati akawa na vitabu kabatini. Ukiondoa kimojawapo, kingine kinakaa bure.

Hapa wapangaji wengi wangetangaza ushindi na kwenda wilaya nyingine. Timu hii ikarudi kuuliza kama kanuni yenyewe ya malipo ilikuwa nzuri, na hapa ndipo hadithi inaponoga.

Chukua darasa la kwanza lenye watoto 90, jambo la kawaida kabisa. Ishirini wanasoma tayari. Labda walipitia chekechea, labda nyumbani kuna mtu. Ishirini na watano hawajui herufi. Arobaini na watano wako katikati. Kwa kanuni ya elfu tano kwa kila anayefaulu, wale ishirini ni hela iliyokwisha kuingia mfukoni, na wale ishirini na watano hata ukiwafundisha hadi usiku hawatafika mwaka huu. Mwalimu mwenye akili atawekeza kwa arobaini na watano. Si kwa ubaya. Kanuni ndiyo inayomwelekeza huko, na shule iliyopata watoto wa mjini wenye vitabu nyumbani inalipwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Wachumi Gadi Barlevy na Derek Neal walikuwa wamelitatua tatizo hili kwenye karatasi mwaka 2012. Utaratibu wao uko hivi. Mwanzo wa mwaka pima watoto wote. Kila mtoto mweke kwenye kundi la watoto wa shule nyingine waliopata alama kama zake: wasiojua herufi na wasiojua herufi, wanaosoma na wanaosoma. Mwisho wa mwaka pima tena, wapange kwa nafasi ndani ya kundi lao, na mwalimu alipwe kwa nafasi za watoto wake. Sasa hakuna mtoto wa kuachwa. Aliye nyuma kabisa akipanda kuliko wenzake wa hali yake anamletea mwalimu fedha sawasawa na hodari anayewapita hodari wenzake. Hakuna mstari wa kufaulu wa kuupigia hesabu. Kwa masharti fulani unaweza kuthibitisha, kwa hesabu safi, kwamba utaratibu huu humfanya mwalimu agawe juhudi zake inavyotakiwa.

Ni kazi nzuri na sina kejeli ninaposema hivyo. Mwaka 2015 na 2016 utaratibu huu ukajaribiwa katika shule za Tanzania, dhidi ya kanuni ya kufaulu iliyoboreshwa kidogo. Badala ya mstari mmoja wa kufaulu ikawekwa ngazi ya stadi: silabi, maneno, sentensi, na kuendelea hadi hadithi. Kila stadi ilikuwa na fungu lake la fedha, likigawanywa kwa idadi ya watoto walioimudu katika shule zote. Shule 60 zikafuata ngazi, 60 zikafuata nafasi, 60 zikabaki za kulinganishia. Fedha zilizotengwa kwa kila upande zilikuwa sawa.

Jaribu kuzieleza kanuni hizi mbili ofisini kwa walimu saa nne, uji ukiwa unagawiwa nje. Ya ngazi inaelezeka kwa dakika chache: mtoto akisoma silabi unapata, akisoma maneno unapata tena, akisoma sentensi unapata tena. Kiasi hasa hakijulikani mpaka fungu ligawanywe, lakini kazi inajulikana, na mwalimu anaweza kutoka hapo akaenda kumwita mtoto na kumjaribu mwenyewe. Ya nafasi nayo imenyooka, mpaka mtu anyooshe mkono. "Kwa hiyo mtoto wangu akijua kusoma, lakini wa kundi lake huko wilaya nyingine wakajua zaidi, mimi sipati?" Utapata kidogo, mwalimu. "Na nitajuaje kabla kama anaelekea kupata?" Hutajua. "Na kundi lake ni akina nani?" Lipo kwenye kompyuta. Huu ni mjadala ninaouwazia, sikuuhudhuria, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya walimu anajua ungeishia wapi.

Matokeo: watoto walijifunza zaidi chini ya kanuni zote mbili kuliko katika shule za kulinganishia, na kanuni ya ngazi, yenye kasoro zake zote za kinadharia, haikuzidiwa na ile iliyothibitishwa kwa hesabu. Mbiti, Romero na Schipper wanasema ilifanya kazi angalau sawa nayo.

Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko lile la vitabu na motisha. Nadharia ya Barlevy na Neal haikukosea hesabu. Ilidhani mwalimu anayeiona kanuni kama wanavyoiona wao, anayeamini kwamba kundi la kwenye kompyuta lipo na ni la haki, na anayeweza kusoma ndani yake jambo la kufanya kesho asubuhi. Kanuni ya ngazi ilimpa kitu cha kufundisha. Ile ya nafasi ilimpa mashindano na watu asiowaona. Mpangaji anapenda kanuni isiyo na mwanya wa kuchezewa, na ana haki, lakini kanuni hiyo hiyo ikiwa haina mwanya wa kueleweka, motisha yake inabaki kwa aliyeibuni.

Kuna la imani pia, ambalo milinganyo hulipita kwa kasi. Mwalimu wa Tanzania wa mwaka 2013 alikuwa ametoka kwenye mgomo wa Julai 2012, uliozimwa na mahakama, huku madai ya malimbikizo yakiwa bado mezani. Kupandishwa daraja bila mshahara kupanda lilikuwa jambo alilolizoea. Mtu wa namna hii ukimwambia utamlipa mwisho wa mwaka, swali lake la kwanza halihusu ukubwa wa malipo. KiuFunza ililipa. Nadhani malipo ya mwaka wa kwanza yalifanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote yaliyotangulia.

Na nani analipa ni sehemu ya kanuni. Kenya inalo funzo chungu juu ya hili. Mwaka 2010 walimu wa mkataba waliajiriwa katika shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Mkataba ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba baadhi ya shule zilisimamiwa na shirika la World Vision na nyingine na wizara ya elimu. Mtafiti Tessa Bold na wenzake walipopima, watoto wa upande wa shirika walikuwa wamepanda. Upande wa wizara haukuwa na badiliko lolote. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ukawa dhaifu, chama cha walimu kikapinga, na walimu wenyewe wakaona kwamba ukiajiriwa na serikali kwa mkataba, subira kidogo tu na mkataba utageuka ajira ya kudumu. Kwenye karatasi palikuwa na motisha ileile. Wizara ilikuwa ikiajiri walimu wa mkataba 18,000 wakati huo, na mradi mdogo wa walimu wa mkataba uliotangulia ulikuwa umeitwa mafanikio.

Serikali ya Tanzania nayo ilijaribu kutumia matokeo kuwasukuma walimu, bila kulipa shilingi. Chini ya mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia mwaka 2013, shule zote za msingi zilipangwa hadharani kwa wastani wa alama za mtihani wa darasa la saba, kitaifa na kiwilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipanda kweli. Lakini sehemu ya safari hiyo ilikuwa ya ujanja: watoto waliokuwa wakifika darasa la saba na kuufanya mtihani katika shule hizo walipungua. Wastani hupanda kwa njia mbili, kufundisha walio dhaifu au kutokuwa nao.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule bora. Uamuzi ule ulijadiliwa sana redioni na mitaani, na karibu mjadala wote ulihusu walioko juu: shule za binafsi, matangazo yao, ada zao. Kuhusu mkiani sikusikia mengi, na ndiko kanuni ilikokuwa ikifanya kazi yake mbaya.

Hapo elfu tano za KiuFunza, pamoja na kasoro yake ya kuwaruka wasiojua herufi, zina ubora ambao sijaona ukisifiwa. Zilihesabu vichwa. Mtoto aliyeshindwa hakumletea mwalimu kitu, lakini hakumpunguzia kitu pia, na kwa hiyo hapakuwa na mtu shuleni mwenye faida ya kumwambia abaki nyumbani. Wastani humgeuza mtoto yule yule kuwa hasara. Anayeandaa mradi mwingine wa kulipa, kupanga au kusifu kwa matokeo angeanza kwa kutazama anagawanya kwa kitu gani, kisha amuulize mwalimu mkuu mmoja wa shule ya mkiani, bila kumtisha, angefanya nini na rejista yake.